Mishumaa ya betri kwa sherehe za watoto: niliyoirudisha na niliyobaki nayo

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Majengo hapa Dodoma. Mwaka jana jirani yetu kutoka Marekani aliwaalika wanangu kwenye Halloween, ile sherehe ya tarehe 31 Oktoba ambayo watoto huvaa mavazi ya kutisha, nikawashonea wakubwa wawili majoho ya satini nyeusi. Kabla ya kukata kitambaa nilichomoa uzi mmoja nikauwasha kwa kiberiti, kama ninavyofanya siku zote. Pamba ingeacha majivu. Huu ulijikunja, ukayeyuka, ukabaki kidonge kigumu chenye harufu ya plastiki. Poliesta hiyo, na ikishika moto inanata kwenye ngozi ya mtoto.

Jirani mwenyewe huchonga maboga, anatia mshumaa ndani na kuyapanga chini barazani, usawa kabisa wa pindo la joho. Na upepo wetu wa Oktoba mnaujua. Nikamwambia, "Dada, mwaka huu mishumaa nitaleta mimi."

Nikaingia duka moja la vifaa vya sherehe mjini, nikachukua pakiti ya vimishumaa 6 vya betri kwa shilingi 9,000. Vinapendeza, mwanga wake unachezacheza kama moto wenyewe. Lakini kigeuze uone chini: kifuniko cha betri kinafunguka kwa ukucha. Kitindamimba wangu ana miaka 3, na alikifungua kabla sijamaliza kuvitoa vingine kwenye mfuko. Mkononi mwake ilikuwa betri bapa inayong'aa kama sarafu, ile iliyoandikwa CR2032, upana wake milimita 20. Nilimpokonya mikono ikinitetemeka.

Wazazi wenzangu, betri hii si kama mbegu ya chungwa kwamba utasubiri itoke chooni. Ikikwama kwenye umio, njia ya chakula kooni, ule unyevunyevu unapitisha umeme wake na nyama ya ndani inaanza kuungua. Saa 2 zinatosha kumjeruhi mtoto vibaya. Hata ile iliyokwisha kuwasha mshumaa bado inaweza kuunguza. Na huenda usione kitu zaidi ya udenda, kikohozi au kukataa chakula. Usimtapishe, usingoje kesho. Mkimbize hospitali na uwaambie waziwazi kwamba unahofia betri, wapige eksirei. Huko Marekani, mwaka 2022 walipitisha sheria kwamba sehemu ya kuwekea betri za namna hii isiweze kufunguliwa kirahisi na mtoto mdogo. Vya kwangu havikuwa hivyo.

Nilivirudisha siku hiyohiyo. "Mama, hivyo ni mapambo tu," muuzaji akaniambia, ila alikubali nibadilishe kwa kuongeza hela. Nikaondoka na mishumaa mikubwa miwili, 16,000 jozi, urefu wa kiganja, kila mmoja unatumia betri mbili za rimoti na kifuniko kimefungwa kwa skrubu. Bisibisi ndogo ya cherehani yangu inaingia vizuri. Hii ndiyo ninayowashauri mnunue.

Ina kasoro. Swichi iko chini, kwa hiyo kuwasha ni mpaka uutoe kwenye boga. Nuru yake inatosha boga moja tu. Na usiuache juani: mmoja niliusahau dirishani ukapinda kidogo. Lakini usiku ule upepo ulivuma, joho la binti yangu likafunika boga zima, na sikulazimika hata kuinuka kwenye kiti.

Mengine nilimalizia kwa sindano. Majoho niliyakata juu ya kifundo cha mguu, mgongoni nikashona utepe unaong'aa kama wa makoti ya bodaboda, maana saa moja giza limeshaingia na walikuwa wanavuka njia ya magari. Vinyago nilikataa, haviwaachi waone pembeni. Tukapaka rangi usoni, baada ya kuijaribu mkononi siku moja kabla.

Nyama ya yale maboga mama yangu aliiomba yote akaipika. Mishumaa bado ninayo. Mmoja uko chumbani kwa watoto kwa ajili ya usiku umeme ukikatika, na tangu Oktoba nimeubadilishia betri mara moja tu.