Bloki za intaloki za udongo: mashine nimeipenda, kikosi ni cha kuchungwa

Watu wanauliza sana kama hizi bloki ni ukweli ama ni stori za mtandaoni, so acha niseme vile nimeziona. Bloki zenyewe ningejenga nazo tena hata kesho. Kikosi nilichokodi Kisumu kuja kuzipiga kwa ploti yangu huku upande wa Maseno nakipa nyota tatu, na mbili kati ya hizo ni za mashine. Jina lao naliacha, ju nimepitia saiti zingine za ujenzi za hawa watu wa kukodisha mashine na mchezo ni ule ule, ukijua pa kuangalia utafanya kazi na yeyote.

Kwa wenye hawajawahi ziona, ni udongo mwekundu uliochekechwa, simiti kidogo na maji kidogo sana, inashindiliwa kwa mashine mpaka inatoka bloki yenye ulimi upande mmoja na mfereji upande ule mwingine, zikipangwa zinashikana zenyewe. Hakuna tanuru, hakuna kuni. Mashine ya mkono tuliyotumia ni ya ukoo wa CINVA-Ram iliyobuniwa Kolombia miaka ya 1950, mkono mrefu wa chuma, jamaa wanaukalia mpaka unafika chini halafu bloki inasukumwa juu ikiwa bado mbichi na unaibeba kwa viganja, usiishike kona. Zangu ni sentimita 29 kwa 14, kimo 11 na nusu, kwa hivyo mita mraba moja ya ukuta inakula kama 30 hivi.

Huku kwetu Vihiga mpaka Maseno mazoea ni matofali ya kuchoma, na sikatai, nyumba zake zinakaa. Lakini angalia miti ya blugamu inayoingia kwa tanuru moja, na moto ukikosea hapo katikati yanatoka meusi na ya pembeni yanabaki mabichi, unauziwa yote pamoja. Hiyo ndiyo ilinifanya nitafute mashine. Sasa wauzaji wa intaloki nao wanazidisha, ati haichafui mazingira hata kidogo, wapi, simiti iko ndani, na simiti inachangia kama asilimia 7 mpaka 8 ya kaboni dioksidi inayotolewa na watu dunia nzima, ju lile jiwe la chokaa likichomwa gesi inatoka kwa jiwe lenyewe mbali na moshi wa kiwanda. Tofauti ni kiasi. Mfuko wa kilo 50 ulitupatia karibu bloki 100 za kama kilo 9 kila moja, hapo simiti haifiki hata asilimia 6. Halafu mota (ile ya kuunganisha mawe) unaweka kwa kozi ya kwanza tu, yaani ule mstari wa chini kabisa, na plasta nimeiruka kabisa, hapo ndipo pesa ilibaki.

Penye walinifurahisha ni kupima udongo. Msimamizi wao alikuja na kisanduku cha mbao, urefu sentimita 60, upana na kina 4, akakijaza udongo wetu uliolowa, akakiacha kikauke, siku kadhaa baadaye akaingiza rula kwenye ile nafasi udongo uliposinyaa. Ukisinyaa sana maana yake mfinyanzi ni mwingi, utaongeza simiti ama uchanganye na mchanga. Wetu ulisinyaa kidogo tu, tukachimba hapo hapo nyuma ya choo, ile ya juu yenye mizizi tukaisukuma kando irudi shambani. Kama uko Ahero ama huko chini Kano kwenye udongo mweusi, hiyo inavimba na kupasuka, itabidi ubebe udongo kwa lori kutoka kwingine na hapo hesabu yote inabadilika, yaani faida kubwa ya hizi bloki ni kama udongo uko chini ya miguu yako.

Sasa malalamiko. Simiti ikiguswa na maji saa inaanza, mchanganyiko unafaa uishe ndani ya nusu saa, ikizidi sana dakika 45. Hawa vijana walikuwa wanachanganya rundo zima saa sita kasorobo halafu hao wanaenda kula. Wakirudi udongo umeshaanza kushika, wanaurushia maji tena na kuendelea kama hakuna kitu. Nikamwambia msimamizi hizi za mchana hazifanani na za asubuhi, akaniambia, "Bosi, usijali, hizo zikikauka ni mawe." Tukangoja zikauke. Ya asubuhi ukiikwaruza na msumari inabaki mstari mwembamba, ya baada ya lanchi kona ilikuja na kidole. Nilizitenga zote zile na nikakataa kuzilipia, na kwa vile wanalipwa kwa bloki sio kwa siku, kesho yake walichanganya karai kidogo kidogo bila kuambiwa tena. Ujanja wa kupima maji nao ni rahisi, finya donge kwa mkono, liachilie kutoka kimo cha mita moja hivi, likivunjika vipande vinne ama vitano liko sawa, likisambaratika ni kavu, likianguka pwaa likabaki moja maji yamezidi.

Kumwagilia pia walitaka kuruka. Bloki inafaa ikae kivulini imefunikwa nailoni na inyunyiziwe kila siku kwa angalau wiki moja, na usiharakishe kujenga, siku 28 ndio simiti inakomaa vizuri. Huku mvua ya jioni haina adabu, unaweza kudhani hiyo inatosha, lakini ile ya kupiga moja kwa moja inachimba bloki mbichi, na jua la saa saba linakausha juu ndani ikiwa bado.

Ukuta ukisimama sasa ni raha. Msingi niliweka wa mawe ukapanda juu ya ardhi, na paa limetoka nje vizuri ndio maji yasirukie kozi za chini, hayo mawili msibishane na fundi. Ring bimu, ule mkanda wa zege juu ya kuta, iko. Chini ya mabati mchana nyumba iko na baridi fulani kuliko ile ya bloki za simiti ya jirani yangu, na ameikubali mwenyewe.

Fundi wa stima ndiye alilia. Hakuna plasta ya kuficha paipu, kwa hivyo mchoro wa swichi uwe tayari kabla ukuta haujapanda, la sivyo atakuja na grainda na utaona mistari yake milele. Kutundika tivi usigonge msumari, toboa na drili ya mwendo mdogo uweke fisha, ile plagi ya plastiki ya kushika skrubu.

Na kabla ya kulipa diposti uliza nani analeta nailoni, wavu wa kuchekecha na mapipa ya maji. Kwa bei walionipa mimi walisema "kila kitu", na kumbe kila kitu ilikuwa mashine.