Uzoefu wangu na huduma ya kupima chumba cha baridi kabla ya kukipokea

Nililipia kampuni tofauti na ile iliyofunga mitambo ije ikague chumba cha kuhifadhia samaki waliogandishwa, hapa Dar es Salaam, kabla samaki wa kwanza hajaingia. Chumba kina mita 3 kwa 4, kimo mita 2.5, kompresa ya skroli ya fezi tatu, gesi ya kupozea ya R404A, kondensa (sehemu inayotupa joto nje) iko juu ya paa, na kinatakiwa kukaa kwenye −20°C. Malipo yalikaribia sehemu ya kumi ya gharama ya ufungaji. Nayaona ni halali, ila kuna mambo mawili sikuridhika nayo, nitayaeleza huko chini. Mafundi wengi wakimaliza kufunga huwasha, wakiona barafu kwenye bomba wanasema inagandisha, wanadai chao. Kugandisha si kipimo. Chumba kitupu kinaweza kufika −20°C huku kompresa inakufa taratibu.

Walipofika walikuta bomba limeshajazwa naitrojeni na fundi aliyefunga, ili kutafuta liki. Hawakukubali, walianza upya. Bar 3 kwanza, wakasikiliza na kupaka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Wakapanda bar 10, halafu bar 28 upande wa presha kubwa. Upande wa presha ndogo waliishia kwenye kiwango kilichoandikwa kwenye kibao cha mashine, maana evapareta (koili ya baridi iliyo ndani ya chumba) haikutengenezwa kubeba presha ya kondensa. Hapa itumike naitrojeni kavu tu, na mtungi uwe na regyuleta. Fundi akija na oksijeni ya kuchomelea mzuie pale pale, kwa sababu oksijeni ikikutana na oili ya kompresa kwa presha kubwa inalipuka.

Geji ilisomwa jioni, joto likiwa 32°C, ikaachwa hadi asubuhi. Asubuhi ilikuwa bar 27.4 na joto 26°C. Mwenye haraka angesema kuna liki. Hesabu yake ni hii: bar 28 ongeza 1 ya hewa, unapata 29. Zidisha kwa 299, gawanya kwa 305, yaani joto la asubuhi na la jioni kila moja likiongezwa 273. Jibu ni 28.4, toa 1, inabaki 27.4. Hakuna kilichovuja. Waliiandika hesabu hiyo kwenye ripoti, na kwangu huo ndio ushahidi kwamba wanajua kazi.

Kipengele walichokifanya vizuri kuliko vyote ni vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote kwenye bomba kwa pampu. Geji ya kawaida ya manifodi, ile fundi anayosomea presha, haifai hapa, sindano inaweza kuwa chini kabisa na bado ndani kuna maji ya kutosha kuharibu mfumo. Walileta geji ya maikroni, inayosoma presha ndogo sana iliyobaki ndani, na kuifunga upande wa evapareta, mbali na pampu, kwa sababu karibu na pampu namba hupendeza mapema. Walitoa viini vya valvu ili hewa ipite kwa wepesi, na oili ya pampu ilipogeuka nyeupe kama maziwa waliibadilisha. Walifika maikroni 500, wakafunga valvu, wakasubiri. Namba ikapanda hadi karibu 1,800 na kusimama hapo. Ikisimama namna hiyo ni unyevu. Ingeendelea kupanda bila kusimama ingekuwa liki. Wakaingiza naitrojeni kavu, wakanyonya tena, wakarudia mpaka namba ikabaki chini ya 700 kwa nusu saa pampu ikiwa imezimwa.

Kwa pwani yetu hili si la kuruka. Hewa ina unyevu mwingi, bomba huachwa wazi wakati wa ufungaji, na oili ya POE (oili ya sintetiki ya kompresa) inayokwenda na R404A hunywa maji haraka. Maji hayo hutengeneza asidi inayokula vanishi ya waya za mota, na mengine huganda kwenye valvu ya ekspansheni (inayoshusha presha ya gesi kabla ya evapareta) na kuiziba. Jambo jingine mafundi hulisahau: mfumo ukiwa kwenye vakyumu, usiwashe kompresa wala usipime insulesheni yake kwa mega (kipimo kinachotumia volti kubwa), kwa sababu umeme huruka kati ya waya na kuunguza mota.

Kwenye umeme walipima volti kati ya fezi zote mbili mbili: 402, 396 na 384. Wastani ni 394, tofauti kubwa zaidi kutoka kwenye wastani ni 10, sawa na asilimia 2.5. Namba inaonekana ndogo. Kanuni ya mota inasema ongezeko la joto la waya ni takriban mara mbili ya mraba wa asilimia hiyo, kwa hiyo hapo ni zaidi ya asilimia 12. Walihamisha taa na feni za ofisi kwenda fezi nyingine, tofauti ikashuka chini ya asilimia 1. Walihakikisha pia mpangilio wa fezi, kwa kuwa skroli ikizunguka kinyume hupiga kelele, huvuta ampea kidogo na presha kubwa na ndogo hazitengani. Hita ya oili iliwashwa tangu siku iliyotangulia ili gesi isilale ndani ya oili.

Gesi ilipimwa kwa mizani na kuingizwa ikiwa maji, yaani kimiminika, kwani R404A ni mchanganyiko wa gesi tatu, na ukiitoa mtungini kama mvuke uwiano wake unabadilika. Uzito uliandikwa kwenye lebo ya mashine. Dai lebo hiyo. Kilo moja ya R404A hupasha dunia joto kama kilo 3,922 za kaboni dioksidi, na Marekebisho ya Kigali ya 2016 kwenye Itifaki ya Montreal yanaibana gesi ya aina hii, hivyo kujaza kwa kukisia ni hasara mara mbili. Kuhusu supahiti, yaani nyuzi ambazo gesi imepata joto zaidi ya kiwango chake cha kuchemka, walisubiri chumba kifike baridi yake ndipo wakaigusa valvu ya ekspansheni. Presha ya gesi inayorudi kwenye kompresa ilikuwa karibu bar 1.3, ambayo kwa gesi hii ni −27°C. Bomba kwenye balbu (kihisi joto cha valvu hiyo) lilikuwa −21°C. Supahiti ni 6, safi. Ukirekebisha, zungusha robo tu na usubiri dakika 15 kabla ya kusoma tena.

Swichi za usalama zilijaribiwa kwa vitendo. Walizima feni za kondensa mpaka swichi ya presha kubwa ikakata. Walifunga valvu ya bomba la gesi iliyo kimiminika ili presha ndogo ishuke, kompresa ikazima yenyewe, na waliangalia kama presha inapanda haraka baada ya hapo, dalili ya valvu kupitisha. Walitoa fyuzi ya fezi moja, rilei ikakata papo hapo. Walikata umeme wote na kuurudisha: kompresa ilisubiri dakika kadhaa kabla ya kuwaka. Mahali ambapo umeme hukatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja, kuchelewa huko ndiko kunakoiokoa.

Sasa nilichokilalamikia. Difrosti, yaani kuyeyusha barafu kwenye evapareta, ilijaribiwa mara moja, kwa kubonyeza kitufe, evapareta ikiwa kavu. Hita ziliwaka, zikazima koili ilipofika 10°C, kipimo kikaandikwa kimefaulu. Evapareta isiyo na barafu haikuonyeshi kitu. Barafu halisi hutokea mlango ukifunguliwa mara nyingi na hewa ya pwani ikaingia. Wangeacha mlango wazi kwa muda, barafu ijae, kisha waone kama inayeyuka yote, kama maji yanatoka nje, na kama feni zinasubiri koili igande tena kabla ya kuwaka. Kwa bomba la maji machafu waliridhisha: walimwaga ndoo ya maji kwenye trei, wakashika hita ya bomba, na wakataka kona ya maji (mkunjo wa bomba unaobaki na maji) iwe nje ya chumba isije ikaganda.

La pili ni mzigo. Waliweka visoma joto kwenye pembe zote, mlangoni, katikati na karibu na feni, baada ya kuvipima kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo ili visome 0°C. Kazi nzuri, lakini chumba kilikuwa kitupu. Kilo 500 za samaki zikiingia zikiwa 5°C na zikatakiwa kushuka hadi −18°C zinatoa takriban kilojuli 300 kwa kilo, jumla zaidi ya kilowati-saa 40. Mzigo wa kujaribia ni rahisi: madumu ya lita 20 yenye maji lita 17 hivi, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9. Dumu 12 zinatosha kuonyesha kona gani hewa haifiki na kama kompresa inapata muda wa kupumzika.

Mlango walipitisha karatasi kwenye mpira kuzunguka fremu yote, na mahali ilipotoka bila kuvutwa walirekebisha bawaba. Valvu ya kusawazisha hewa ilikuwa imefungwa na silikoni na waliofunga. Hewa ikishuka kutoka 30°C hadi −20°C husinyaa karibu sehemu ya sita, na bila valvu hiyo mlango haufunguki, paneli nazo zinaweza kupasuka. Mtu mmoja aliingia, taa zikazimwa, akafungua kwa kitasa cha ndani na kubonyeza kengele. Usipokee chumba ambacho jaribio hili halijafanyika.

Ripoti ina kurasa chache zenye namba: presha, ampea za kila fezi, supahiti, joto la bomba linalotoa gesi kwenye kompresa, saa na joto la nje. Hizo ndizo namba za kulinganishia kompresa itakapoanza kuchoka. Ziara ya kurudi chumba kikiwa kimejaa samaki, kwenye joto la Januari na Februari, haikuwemo kwenye bei, na ukiwaita inalipiwa upya. Kabla ya kusaini, iingizwe kwenye mkataba pamoja na difrosti yenye barafu na mzigo wa madumu.