Ukuta wa jirani: blenda imenyamaza, kinu bado

Kazi yangu ni zamu za usiku. Nikifika nyumbani Fuoni, Zanzibar, saa mbili asubuhi, jirani wa nyumba ya pili ndio kwanza anatia maembe kwenye blenda. Anauza juisi. Nyumba zetu zimeshikana, ukuta ni mmoja, na kitanda changu kiko nyuma ya jiko lake. Blenda ikinyamaza, kinatwangwa kinu, na mwanawe anawasha sabufa. Sina ugomvi naye, mtu anatafuta riziki yake, lakini na mimi nataka kulala.

Kwanza nieleze pesa niliyoitupa. Duka moja la mjini, silitaji, liliniuzia sponji nyeusi za vijinundu, zile za studio, kwa shilingi 120,000. Nikazibandika ukuta mzima. Mwangwi wa chumbani ukaisha, hata chafya yangu ikawa kavu. Blenda je? Vile vile. Sponji inameza mwangwi wa ndani ya chumba chako tu. Sauti ya kupita ukutani inataka uzito, na sponji haina uzito hata wa kanga. Trei za mayai wanazobandika watu ndio hivyo hivyo.

Marehemu bibi yangu alikaa Mji Mkongwe, kwenye kuta za mawe na chokaa zenye unene wa nusu mita. Majirani aliwasikia kwa dirishani tu. Ukuta wangu mimi ni tofali za inchi tano, na tulipobandua plasta tukakuta viungo vya wima havikutiwa saruji. Kidole kinaingia.

Fundi niliyemchukua ni wa dari, nilielekezwa na mwenzangu wa kazini. Siku ya kwanza alipanda juu kufuata waya, mara nikasikia, "Dada, hebu njoo uone mwenyewe." Nikapanda ngazi. Ukuta umeishia usawa wa dari! Kutoka hapo mpaka kwenye bati ni wazi, na taa ya jikoni kwa jirani inapenya kwenye nyufa za dari yake. Miaka yote hiyo nilikuwa nalaumu ukuta, kumbe kelele zinapanda kwake, zinatembea chini ya bati, zinashuka kwangu. Tukapandisha tofali 90 nyumba nzima, tukapiga plasta mpaka kwenye mabati na mianya ya mbao tukaijaza. Siku mbili, laki mbili na nusu na ujira wake. Kabla hata ya bodi moja kufungwa, kelele zilishapungua nusu. Ningejua ningeanzia huko, na pengine ningeishia huko.

Lakini vifaa vya kufunika ukuta kwa bodi nilishanunua. Alisimamisha fremu ya chuma mbele ya ukuta, sentimita moja mbali, isiuguse popote. Imeshikwa chini na juu tu, na chini yake katia utepe wa mpira. Ndani pamba ya mawe (rockwool, nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa) ya inchi mbili, ambayo niliagizia Dar nikaisubiri boti siku tisa. Juu yake bodi za jipsamu za milimita 12, tabaka mbili, viungo visikutane. Ukuta wa mita 4 kwa 3 ulikula bodi 10. Kingo zote silikoni. Soketi iliyokuwa imetazamana mgongo na ya jirani tuliihamisha, shimo likazibwa kwa saruji. Hii ilinigharimu laki tisa na elfu arubaini, na chumba kimepungua inchi tatu na nusu. Mlango wa kabati ukawa haufunguki, ikabidi lihame.

Faida yake? Zamani simu za jirani nilizifuata neno kwa neno, mengine wallahi sikupaswa kuyajua. Sasa sisikii neno. Blenda imekuwa kama nzi wa chumba cha pili. Sabufa ni nusu kwa nusu: mwimbaji hasikiki, ila lile dundo linapita, kwani sauti nene ni ngumu kuzuia. Kinu hakikupungua hata chembe. Kishindo chake kinapita sakafuni, na sakafu yetu ni moja. Bodi za ukutani zitakifanya nini? Kilichosaidia ni kipande cha tairi la gari nilichompelekea akitandike chini ya kinu. Hakikugharimu kitu.

Kazi naipa nyota tatu na nusu. Nusu nyingine niliikata baada ya masika. Nilimwambia fundi ukuta una unyevu chini, tungoje ukauke, au tutie zile bodi za kijani zinazostahimili maji. Akasema za kijani ni za vyooni tu. Mwezi wa tano kona ya chini ikatoa ukungu mweusi, upana wa kiganja. Nikimpigia anasema kesho.

Juzi nilimuuliza jirani kama na yeye amepata nafuu upande wake. Kumbe ana lake moyoni. "Mwanangu, ile saa ya simu yako ya saa nane mchana ndiyo iliyokuwa ikinitolea watoto kwenda chuoni, madrasa. Sasa siisikii, kila siku wanachelewa. Huwezi kuiweka dirishani?"

Naiweka dirishani.