Kairopraktiki kwa siatika: ulipie nini, ukatae nini

Kliniki ya kairopraktiki, yaani tiba ya mgongo kwa mikono, inayokulaza kitandani na kuanza kukubonyeza mgongo kabla hujavua soksi, iache. Siatika, maumivu ya neva inayoanzia kiunoni, husomwa mguuni. Neva ya siatiki, nene kuliko neva nyingine zote mwilini, inaundwa na mizizi inayotoka kwenye pingili za chini za kiuno na kwenye sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno, kuanzia L4 hadi S3 (L ni pingili za kiuno, S ni za sakramu). Inapita ndani ya makalio, inashuka nyuma ya paja, na karibu na goti inagawanyika matawi mawili kuelekea kwenye wayo. Mzizi mmoja ukibanwa kiunoni, mgonjwa anasikia moto, shoti au ganzi kule chini unakoishia. Mara nyingi kinachobana ni diski, ule mto laini kati ya pingili na pingili, iliyochomoza kati ya L4 na L5, au kati ya L5 na S1. Ndiyo maana mtu anakanda kiuno mwezi mzima huku kinachomnyima usingizi ni ndama ya mguu.

Huduma yenyewe ina vipande kadhaa, na bei ya kipande haiendi na manufaa yake. Chenye thamani kubwa kuliko vyote ni uchunguzi wa siku ya kwanza. Ukifanywa sawasawa unachukua nusu saa hadi dakika 45, na hata usiporudi tena utakuwa umepata kitu.

Uchunguzi unakwenda hivi. Unalala chali, mguu ulionyooka unainuliwa taratibu. Maumivu yakishuka chini ya goti kati ya nyuzi 30 na 70, mzizi wa neva unahusika. Ukisikia kuvutwa tu nyuma ya paja mguu ukiwa juu kabisa, huo ni msuli uliokaza. Kisha unainuliwa mguu usiouma. Maumivu yakiamka kwenye ule unaouma, ushahidi wa diski unakuwa mzito zaidi. Baada ya hapo unatembea kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole. Unasukuma kidole gumba cha mguu kwenda juu huku mtaalamu anakizuia kwa kidole chake. Goti na mshipa wa kisigino vinagongwa kwa nyundo ya mpira, na ngozi inaguswa kwa pamba na kitu chenye ncha, mguu huu na ule.

Majibu yanaonyesha mzizi. Ukiwa L4, nguvu ya kunyoosha goti inapungua, upande wa ndani wa muundi unakufa ganzi, na goti likigongwa mguu hauruki kama mwenzake. Ukiwa L5, kidole gumba hakishindani na kidole cha mtaalamu na ganzi iko juu ya wayo. Ukiwa S1, unashindwa kujiinua kwa ncha ya vidole vya mguu mmoja mara 10, ganzi inapita ukingo wa nje hadi kidole cha mwisho, na kisigino kikigongwa wayo hautikisiki. Nguvu ya kila msuli inaandikwa kwa alama 0 hadi 5, 5 ikiwa nguvu kamili. Omba nakala ya karatasi hiyo. Bila alama za siku ya kwanza, hakuna atakayejua wiki ya 3 kama neva inapona au inazidi kufa, kwa sababu maumivu yanaweza kupungua huku udhaifu ukiongezeka.

Uchunguzi huohuo ndio unaowatoa wasiohusika. Nyayo zote mbili zikiwaka moto usiku kwa mwenye kisukari, sukari imeharibu neva za miguuni, na kugonga mgongo hakutasaidia. Mzee anayetembea hatua chache, miguu ikawa mizito, akainama au kukaa ndipo apate nafuu, ana uwezekano mkubwa wa njia ya neva iliyosinyaa, na mazoezi yake hayafanani na ya kijana mwenye diski. Na wapo wengi wanaochomwa sindano za vitamini B kila wiki kwa siatika. Vitamini hiyo humsaidia mwenye upungufu wake. Diski iliyochomoza hairudishi ndani.

Kuna maswali ambayo yasipoulizwa uondoke. Je, umepata ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, pale panapokalia tandiko la baiskeli? Mkojo unagoma kutoka, au unatoka bila kujua? Miguu yote miwili imelegea? Hizo ni dalili za fungu zima la neva la chini kubanwa. Ni dharura ya hospitali siku hiyohiyo, na upasuaji usipofanywa mapema, ndani ya saa 48 ikiwezekana, mtu anaweza kubaki na tatizo la mkojo maisha yote. Kwetu Afrika Mashariki lazima iulizwe pia TB ya mgongo: homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, na pingili moja inayouma sana ikigongwa. Pingili iliyoliwa na TB au saratani, au mifupa iliyodhoofishwa na uzee au dawa za steroidi za muda mrefu, ikipewa msukumo wa ghafla inaweza kuvunjika.

Eksirei ya lazima kwa kila anayeingia ndicho kipande tunachoshauri ukatae. Eksirei inaonyesha mifupa. Diski na neva hazionekani. Mistari inayochorwa juu ya picha kuonyesha kwamba pingili zimehama ni mabaki ya nadharia ya Daniel David Palmer, aliyeanzisha kairopraktiki mwaka 1895 huko Davenport, Iowa, Marekani, akiamini kwamba karibu magonjwa yote yanatokana na pingili kukaa vibaya. Wataalamu wazuri wa leo wameiacha. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, inaonyesha diski, ila watu wengi wasio na maumivu yoyote nao wana diski zilizochomoza, kwa hiyo picha bila uchunguzi wa mguu inaweza kupotosha. Eksirei ina kazi pale ajali, TB au kuvunjika kunaposhukiwa. MRI ina kazi udhaifu ukiongezeka, dalili za hatari zikiwepo, au wiki 6 zikipita bila nafuu.

Sasa mikono. Kwa diski inayobana mzizi, mbinu tunayoipa alama ya juu ni ya kitanda cha kuvuta na kukunja, inayojulikana kwa jina la James Cox, kairopraktaa wa Marekani. Unalala kifudifudi kwenye kitanda kilichogawanyika kiunoni. Mtaalamu anaweka kiganja juu ya pingili iliyo juu ya diski yenye shida, kisha anashusha sehemu ya miguu pole pole, sentimita chache tu. Kila mvuto ni wa sekunde 4, mara 5 mfululizo, na seti hiyo inarudiwa mara 3 kwa mapumziko mafupi. Hakuna mlio. Kabla ya yote anajaribu mvuto mdogo kwa mkono, mguu mmoja mmoja, na maumivu yakishuka mguuni hapohapo anaacha. Makosa ya kawaida ni kushusha kitanda kupita kiasi siku ya kwanza, na kufunga vifundo vya miguu kwa mikanda kabla ya jaribio hilo.

Mbinu ya pili ndiyo inayojaza video mitandaoni: unalazwa ubavu, goti la juu linakunjwa, kiwiliwili kinazungushwa, unakuja msukumo mfupi wa kasi na mlio. Mlio huo ni gesi ndani ya ungio. Haumaanishi mfupa umerudi mahali pake, na kukosekana kwake hakumaanishi tiba imeshindikana. Msukumo unaweza kutuliza maumivu ya kiuno, lakini kwa siatika kali ya siku za mwanzo ule mzunguko ndio unaoweza kuichokoza diski. Kanuni ni rahisi kuikagua ukiwa umelala: mkao wa maandalizi peke yake ukipeleka maumivu chini ya goti, sema, na msukumo usifanyike. Uchovu na maumivu ya misuli baada ya tiba ni kawaida na huisha ndani ya siku moja au mbili. Ganzi mpya au udhaifu mpya si kawaida.

Kuvutwa shingo kwa mkanda kwa ajili ya maumivu ya mguu hakuna maana. Shingo ina hatari zake, ikiwemo kuchanika kwa ateri inayopeleka damu kwenye ubongo. Tatizo liko kiunoni, basi shingo iachwe. Kifaa kidogo cha kugonga kwa springi hakina madhara makubwa kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri, lakini kikiwa ndiyo tiba yote ya siatika unalipia kidogo mno.

Ushahidi uko wapi? Italia, mwaka 2006, wagonjwa 102 wenye siatika na diski iliyochomoza waligawanywa: waliopewa tiba halisi ya msukumo, asilimia 55 walimaliza bila maumivu ya mguu, dhidi ya asilimia 20 ya waliopewa ya kuigiza. Marekani, mwaka 2014, watu wazima 192 walifanya mazoezi ya nyumbani, nusu yao wakiongezewa tiba ya mikono. Walioongezewa walikuwa na nafuu zaidi ya mguu kwenye wiki ya 12. Mwaka ulipotimia tofauti hiyo ya maumivu ya mguu haikuonekana tena. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unakubali tiba ya mikono kwa sharti kwamba iambatane na mazoezi, na unakataza kuanzisha pregabalini na gabapentini, dawa za maumivu ya neva, kwa siatika. Kwa hiyo unachonunua ni wiki nyepesi zaidi wakati mwili unajitengeneza. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12. Ni bidhaa nzuri kwa asiyeweza kukaa wala kulala, mradi iuzwe kwa jina lake.

Ndiyo maana mazoezi yawe sehemu ya kile unacholipia, yakifundishwa kwa mkono na si kwa karatasi. Kwa diski: lala kifudifudi dakika 2, egemea viwiko dakika 2, kisha sukuma kifua juu kwa mikono huku kiuno kimelegea, mara 10, kila baada ya saa mbili tatu. Angalia maumivu yanakohama. Yakitoka kwenye wayo, yakapanda pajani, yakaishia kiunoni, endelea, hata kama kiuno kimezidi kuuma. Yakishuka kuelekea vidoleni, acha siku hiyohiyo. Mzee wa njia iliyosinyaa asifanye hili. Yeye alale chali na kuvuta magoti kifuani. Maumivu yakitulia, ongeza kuteleza kwa neva: kaa kwenye kiti, nyoosha goti huku unatazama dari, kunja goti huku unatazama sakafu, mara 10 bila kushikilia. Wanaonyoosha kwa nguvu na kushikilia sekunde 30 huiamsha neva upya, na hili ndilo kosa la nyumbani linalorudisha watu kliniki kuliko jingine. Tembea dakika 10 mara kadhaa kwa siku. Dereva wa daladala au bodaboda ashuke kila nusu saa, na pochi itoke mfuko wa nyuma.

Kuhusu vifurushi: usilipe mapema vipindi 24 au 36. Mpango wa haki ni vipindi 2 au 3 kwa wiki kwa wiki mbili, kisha kupimwa upya kwa alama zilezile za siku ya kwanza. Watumiaji wa mbinu ya Cox wana kanuni ya nusu: maumivu yakipungua kwa nusu, vipindi navyo vinapunguzwa nusu, yasipofika nusu ndani ya mwezi, mgonjwa anapelekwa kwa uchunguzi zaidi. Kliniki isiyo na kanuni ya kukuachia haijapanga kukuponya. Uliza pia alikosoma mtaalamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2005 unataka saa zisizopungua 4,200 za masomo katika miaka minne. Afrika Kusini inafundisha kada hii Durban na Johannesburg, lakini Kenya na Tanzania wako wachache, na aliyehudhuria kozi ya wikiendi akanunua kitanda si mmoja wao. Ukimkosa, mfiziotherapia aliyesajiliwa anaweza kukupa uchunguzi uleule na mazoezi yaleyale, na kwa wagonjwa wengi hatuoni hasara kubwa.

Wiki ya 6 ikifika bila nafuu, omba MRI na uonane na daktari wa upasuaji wa mgongo. Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili inafanya upasuaji huo. Uholanzi, mwaka 2007, wagonjwa 283 waliokuwa na siatika kali kwa wiki 6 hadi 12 walilinganishwa: waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, na mwaka mmoja baadaye makundi mawili yalikuwa sawa. Anayeweza kuvumilia ana muda wa kuamua. Ambaye kidole gumba kinazidi kulegea, au wayo umeanza kuburuta, hana muda huo, na miadi ya kairopraktaa isimcheleweshe.