TAHADHARI: Robota la "pamba tupu" Ngamiani, msithubutu

Jamani washona mazulia wenzangu wa Tanga, hasira zimenipanda mpaka mikono inatetemeka. Na aibu ndiyo usiseme, maana mimi ndiye ninayewafundisha wengine kupima kitambaa. Lakini bora nifedheheke kuliko akalizwa mwingine.

Yule kijana anayesambaza picha za vipande vya khanga, mnamjua, anauza robota la vitambaa kwa 135,000. Kilo 45, anasema, pamba tupu, masalia ya kiwandani. Hesabu inavutia: kilo moja 3,000, na zulia la ukili wa vitambaa, yaani vipande vilivyosukwa kama mkeka, la sentimita 60 kwa 90 linakula kilo moja na nusu mpaka mbili. Robota moja mazulia 22, bila kubana. Na nilikuwa na oda ya mazulia inasubiri.

Sasa oneni alivyonifanya. Robota limeviringwa turubai, limefungwa kwa kamba ya mkonge, limelala juu ya guta. Nikamwambia fungua. "Mama, nikilifungua lote limekuwa la rejareja." Akachana upande kwa wembe, upana wa kiganja, akavuta kipande cha khanga nyekundu. Kabla sijasema neno akatoa kiberiti. "Njoo unuse mwenyewe, mama." Moto ukatambaa taratibu, harufu ya karatasi inayoungua, jivu la kijivu, laini, ukiligusa linapukutika. Hiyo ndiyo pamba. Poliesta ingejikunja, ingetoa moshi mweusi na kudondosha matone, na ikipoa ingebaki kidonge kigumu kisichosagika kwa vidole. Kipimo hicho nakifundisha mimi! Mtu ananifanyia mbele ya macho yangu, bila kuombwa, nimkatalie kwa lipi? Akavuta cha pili, kikoi, akachoma. Pamba. Cha tatu, shuka. Pamba. Akalining'iniza kwenye mizani: 45 na nusu. "Hiyo nusu zawadi yako, mama." Nikasema ahsante. Nikalipa, na nikasema ahsante!

Vipande vyote vitatu vilitoka kwenye tundu lile lile moja.

Ndani ya turubai, khanga na vikoi vimepangwa kama ganda tu upande ule wa wembe. Chini yake bitana, madera, jezi za mpira. Katikati kabisa blanketi mbili ndani ya nailoni, zimelowa chapachapa, zimeshaanza kuvunda. Nimeanika vyote siku tatu za jua kali, nikapima upya: kilo 31. Kwa hiyo kilo 14 na nusu nilinunua maji, ya 43,500. Katika hizo 31, blanketi kilo 7, jinzi zenye zipu na vifungo vya chuma kilo 5, bitana na madera na jezi kilo 13. Pamba kilo 6. Sita! Ni mazulia matatu, na kila kilo imenigharimu 22,500.

Wapo watakaosema changanya tu, kitambaa ni kitambaa. Msichanganye. Pamba ikifuliwa inarudi, poliesta hairudi, kwa hiyo ukili mmoja unavuta na mwingine unabaki pale pale. Baada ya kufua mara mbili tatu zulia linainuka kingo kama ungo, na mteja anakurudishia. Mnajua hata pamba tupu inainuka ukivuta ukili wa nje wakati wa kuzungusha kona. Sasa ongeza na hili. Bitana inateleza kwenye msuko, haishiki, unakaza ukili wako wa nyuzi tatu jioni, asubuhi umelegea. Jezi hainywi maji, kwa hiyo ukiiweka mlango wa bafu mtu anaserereka. Pasi ya moto wa pamba ikipita juu ya dera, dera linaganda kwenye bati la pasi. Na zile jinzi: sindano namba 16 imekatika kwenye jino la zipu lililojificha kwenye pindo, kipande kikaingia kwenye bobini. Jinzi hata ikiwa safi inataka namba 18, na uipapase pindo zote kwanza. Bitana nitaishindilia kwenye mito, zaidi ya hapo sioni kazi yake.

Khanga zake nazo, nyekundu inachuja. Lowesha pembe, bana na kitambaa cheupe kilicholowa, weka kitu kizito robo saa. Cheupe kikipakwa rangi, hiyo khanga usiisuke karibu na rangi nyepesi.

Kilichoniuma kuliko hela ni chumba changu cha kazi. Nililaza robota usiku mmoja tu kando ya rafu. Asubuhi harufu ya ukungu imehamia kwenye gunia la fulana, na kwenye mishono ya lile turubai nikaona kunguni. KUNGUNI, wenzangu, mahali ambapo ukili uliokwisha kusukwa umening'inia. Nimetoa kila kitu nje. Cha kufuliwa kinachemshwa, rafu zimemwagiwa maji ya moto, mabunda ya uzi yamefungwa kwenye mfuko mmoja mmoja. Tangu leo mzigo mpya unaishia barazani, unatandazwa juani, unapimwa, unachambuliwa. Kinachoingia ndani kinaingia kwenye ndoo yenye mfuniko au gunia linaloning'inia kwenye msumari, mbali kidogo na ukuta, kwa kuwa kuta zetu za pwani zinatoka jasho la chumvi na kitambaa kinachogusa ukuta kinaota madoa.

Mtu kama huyu afanywe nini? Mimi nasema awekwe ndani. Mizani yake ikaguliwe na Wakala wa Vipimo, sikuona stika yoyote juu yake. Namba yake ya simu nimeshaituma 15040, kule wanakoripotiwa matapeli. Avunjiwe guta, ningekuwa na nguvu ningelivunja mwenyewe! Nimerudi kesho yake pale nyuma ya maduka, hakuna guta, hakuna mtu, na jirani anasema hamjui. Tanga waja leo waondoka leo, lakini huyu kaipindisha methali yetu.

Dalili zilikuwepo, naziandika haraka maana zinanichoma. Jina lililotokea kwenye simu wakati wa kulipa si lake, akasema ni la shemeji. Turubai lilikuwa la baridi mkononi mchana wa jua. Hakutaka kuchana upande mwingine. Ukinunua, chana wewe, pande tatu, ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, vuta cha katikati ukichome hicho. Akikataa, ondoka.

Anaweza akahamia Muheza au Pangani, ndugu zenu wa huko waambieni. Na mwenye sufuria kubwa ya shughuli aniazime mpaka Jumamosi, hizo kilo 6 sithubutu kuzikata kabla hazijachemka.