Nakala za Bunduki za Mitutu Miwili: Ipi Uanze Nayo

Mwenye fedha za kununua Parker asilia, bunduki ya zamani ya Marekani, ya geji 28 hahitaji mwongozo huu. Sisi wengine tunaopenda bunduki za marisau zenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, huku mfuko ukikataa, tumebakiwa na nakala. Usizidharau. Baadhi zina chuma bora kuliko bunduki zilizoigwa, na kwa kuwa zilitoka chache, zenyewe sasa zinatafutwa kwa tochi.

Orodha hii ni ya anayenunua Marekani, maana nakala nyingi ziko huko. Kwa geji, kumbuka namba ikipanda mtutu unapungua: geji 28 ni nyembamba kuliko 20, na 20 ni nyembamba kuliko 12. Katika soko hili wembamba ndio bei.

1. Parker Reproduction, daraja la DHE

Parker Brothers walikuwa Meriden, Connecticut. Remington iliwanunua mwaka 1934, na Vita vya Pili vya Dunia vikamaliza kazi ya kuzitengeneza. Miaka ya 1980 Reagent Chemical, kampuni ya kemikali ya New Jersey, iliamua kuzifufua. Kazi ikapewa Olin-Kodensha ya Japani, kiwanda kilekile kilichokuwa kikitengeneza bunduki za Winchester. Zilianza kutoka 1984, na kiwanda kilipofungwa mwishoni mwa mwongo huo, mchezo ukaishia hapo. Nakala hizi za Japani hazikuendelea kutoka, kwa hiyo zilizopo ndizo hizohizo zinazozunguka mikononi mwa watu.

Herufi zina maana yake: D ni daraja la nakshi na mbao, H ni bunduki isiyo na nyundo za nje, E ni ile inayojitemea maganda. Igeuze utazame kitakoni. DHE huwa na bamba la chuma lililotobolewa katikati, na ndani yake mbao ya mjozi imekatwa miraba midogomidogo kwa mkono. Mtu aliyefupisha kitako ili kimfae bega amekata hapo hapo. Ukikuta mpira wa kuzuia mshindo badala ya bamba hilo, shusha bei au ondoka.

Ushauri wangu ni geji 20. Geji 12 bei yake ina huruma, ila ukitaka kuuza utasubiri. Geji 28 ndiyo malkia, na seti yenye jozi mbili za mitutu, ya 28 na ya .410 (kipimo cha inchi, nyembamba kuliko 28), ikijitokeza haikai sokoni. Yapo pia madaraja ya BHE na A-1 Special, machache mno. Hayo waachie wanaonunua bila kuuliza bei. Kama lengo lako ni kuwinda bata, tafuta geji 12 iitwayo Steel Shot Special, yenye chemba ya inchi 3, kwa sababu tangu 1991 marisau ya madini ya risasi hayaruhusiwi kuwindia ndege wa majini Marekani nzima. Usitie marisau ya chuma kwenye DHE ya kawaida.

Sanduku la ngozi, boksi la karatasi la nje na karatasi za kiwandani ni sehemu ya bunduki. Muuzaji akisema "boksi lilipotea", huo ni mwanzo wa kupatana bei. Na kama haijawahi kufyatuliwa, amua kabla ya kulipa: unakusanya au unawinda? Ukipiga risasi chache tu, tayari umebadilisha kitu ulichonunua.

2. A.H. Fox ya Connecticut Shotgun

Hii ina uhusiano na kwetu. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliposhuka Mombasa Aprili 1909 kwa safari ya makumbusho ya Smithsonian, mzigoni alikuwa na Fox ya daraja la F, zawadi ya Ansley Fox mwenyewe, mwenye jina la bunduki hizi. Bunduki hiyo iliuzwa mnadani mwaka 2010 kwa dola 862,500.

Nakala zake zinatoka New Britain, Connecticut, tangu miaka ya 1990, kwa Connecticut Shotgun Manufacturing Company. Fox za zamani zilikuwa za geji 12, 16 na 20 tu. Hawa wapya wakashuka hadi 28 na .410, na fremu wakaipunguza ilingane na mtutu. Yaani umeshika nakala ya bunduki ambayo Fox mwenyewe hakuitengeneza! Kwangu hilo ndilo linalonivutia zaidi. Kinachoishusha hadi namba mbili ni kwamba bado inaagizwa: mwenye fedha na subira anatengenezewa nyingine, hivyo uadimu wake si kama wa Parker za Japani. Tafuta iliyotumika. Aliyeagiza mara nyingi alichagua kipimo cha kitako chake, na wewe ukipata mtu wa umbo lako umebahatika.

3. Winchester 21

Nakala zake zinatoka kiwanda hichohicho cha New Britain. Ya awali ilianza kuuzwa 1931 na sifa yake ni ugumu: Winchester waliifyatulia risasi 2,000 za majaribio, zile zenye baruti ya kupita kiasi, ikabaki nzima. Nzuri, nzito kidogo, lakini zile za zamani bado zinapatikana kwa wingi, kwa hiyo sioni sababu ya mwanzaji kukimbilia nakala.

4. L.C. Smith ya Marlin

Kati ya 1968 na 1971 Marlin, kampuni ya bunduki ya Marekani, waliirudisha L.C. Smith, bunduki ya zamani ya Fulton, New York. Geji 12 pekee, vifyatulio viwili, nakshi hakuna. Ndiyo mlango wa bei nafuu. Chukua tochi uangalie mbao nyuma ya mabamba ya pembeni. Huo ni ugonjwa wa ukoo, nyufa huanzia pale. Kisha shika ule utepe wa alumini wa juu ya mitutu uone kama umelegea.

5. Zenye nyundo za nje

Hizi za mtindo wa walinzi wa magari ya farasi, nyingi zimetoka China. Za kuchezea mashindano ya kikauboi, sawa. Za kukusanya, hapana.

Mkononi kabla ya kulipa

Omba ruhusa uitenganishe. Ning'iniza mitutu kwa kidole kwenye kile kishikio cha chini, uigonge kwa ukucha au kipande cha mti. Ikilia kama kengele, tepe zinazounganisha mitutu zimeshika. Ikikoroma, kuna solda ya kuunganishia iliyoachia na fundi wa kuirudisha ni ghali. Tazama mkono wa kufungulia: bunduki changa huuacha kulia kidogo, iliyochoka huuvukisha katikati kwenda kushoto. Kagua na skrubu. Mifereji yake ikiwa imechubuka, kuna mtu asiye fundi aliyepita humo.

Ununuzi kutoka jimbo lingine lazima upitie kwa muuzaji mwenye leseni, ujaze fomu ya serikali ya Marekani namba 4473 na kuchunguzwa. Msamaha wa silaha za kale ni wa zilizotengenezwa kabla ya 1899, kwa hiyo nakala hazimo. Mwenye makazi ya kudumu anaruhusiwa kununua. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa vighairi kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Na kama una ndoto ya kurudi nayo nyumbani, anza na kibali cha Bodi ya Leseni za Silaha kwa Kenya, au cha polisi chini ya sheria ya silaha ya 2015 kwa Tanzania, kabla hujamtumia muuzaji hata senti.