Kibodi inayoamsha majirani: oringi ipi ununue?

Aliyewahi kupanga chumba Sinza anajua kuta zetu zinavyopitisha habari. Wiki niliyonunua kibodi ya swichi, ile ambayo kila kitufe kina swichi yake chini, mama wa chumba cha pili alinikuta bombani asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, siku hizi unashona? Maana cherehani yako jana imekwenda mpaka saa nane usiku." Cherehani sina. Nilikuwa namalizia ripoti ya mteja.

Ndipo nikaanza kutafuta oringi, vile vipete vya mpira vinavyovalishwa ndani ya kifuniko cha kitufe ili kikifika chini kisigonge plastiki kwa plastiki. Mpaka leo nimeshanunua aina nne, na moja iliishia jalalani.

Kabla hujatoa hela, isikilize kibodi yako. Shusha kitufe kimoja polepole hadi chini, bila kukigonga. Kikilia "tik" kali katikati ya safari, hizo ni swichi za kubofya, zile madukani wanaziita za bluu. Mlio huo unazaliwa ndani ya swichi yenyewe, oringi haiufikii. Ukimvisha jogoo soksi bado atawika. Lakini kitufe kikishuka kimya, halafu ukichapa kwa kasi yako ya kawaida meza nzima inaitikia, basi tatizo lako ni la kugonga chini, na hilo ndilo oringi inalitibu. Ule mlio mdogo wa kitufe kurudi juu utabaki. Wenye swichi zisizobofya, zile zinazoitwa nyekundu, nyeusi na kahawia, ndio wanaofaidi.

Nafasi ya kwanza naipa silikoni laini, nyembamba. Ugumu wa mpira hupimwa kwa kipimo cha Shore A, na namba ikiwa ndogo mpira ni laini zaidi. Tafuta 40A inayopunguza safari ya kitufe kwa 0.2 mm hivi. Swichi nyekundu ya Cherry MX, aina ya swichi za kampuni ya Cherry, husafiri 4 mm na herufi hupokelewa kitufe kikifika 2 mm, kwa hiyo hapo hujapoteza kitu. Kidole bado kinajua kimefika mwisho, ila mlio unakuwa mzito na mfupi. Hizi ndizo ziko chini ya vidole vyangu sasa hivi.

Ya pili ni laini hiyohiyo ya 40A lakini nene, inayokula 0.4 mm. Inanyamazisha zaidi, ila mimi naona kama nabonyeza embe lililoiva sana. Anayechapa kwa kugonga, hasa aliyefundwa na taipureta, anaweza kuipenda kuliko ya kwanza. Kuna pia sababu ya kifundi ya kuichagua. Ng'oa kifuniko kimoja ukigeuze. Katikati utaona kinguzo chenye tundu la alama ya kujumlisha. Kama kinguzo hakina mbavu pembeni, pete nyembamba itazama ndani kabisa isiguse swichi, na utakuwa umevalisha bure. Hapo chukua nene, au nyembamba mbilimbili.

Ya tatu, ngumu za 70A: zinabadilisha mlio kidogo tu. Ukipewa bure, chukua.

Mkiani kabisa ni oringi za spea. Nilizunguka maduka ya kompyuta Kariakoo siku nzima, mwisho muuzaji mmoja akanielekeza kwa wauza vipuri Gerezani. Nikauliza oringi. "Sawa kaka, ya gari gani?" Nikamwonyesha kifuniko cha herufi A. Akakigeuzageuza, akamwita mwenzake, wakacheka, kisha akanitafutia pete nyeusi zenye tundu la karibu 5 mm, na kweli ziliingia. Shida ni kwamba mpira ule umetengenezwa kuzuia oili isivuje, si kupokea pigo la kidole. Ni mgumu, na chumba kilinuka gereji siku tatu. Ndizo zilizokwenda jalalani.

Kuhusu idadi, usinunue 104 kwa sababu kibodi kubwa ina vitufe 104. Vitufe vinane virefu (Spesi, Shifti mbili, Enta mbili, Bakispesi, na sifuri na alama ya kujumlisha za upande wa namba) vina vinguzo viwili vya ziada kila kimoja. Jumla inakuwa 120, na ongeza chache za kupotea chini ya kitanda. Kwenye kibodi fupi ya vitufe 87, pete 97 zinatosha. Kompyuta mpakato, kibodi za utando wa mpira na zile za swichi fupi hazimo kwenye hesabu hii, usihangaike.

Kuvalisha si kazi ya fundi. Pete iweke juu ya kinguzo, isukume kwa kifuniko cha kalamu ya Biki mpaka ikae sawa pande zote. Mimi nilianza pamoja na mechi ya Simba na Yanga redioni. Dakika tisini zikaisha bado sijagusa safu ya namba.

Na kama kibodi yako ni ya bluu? Ikiwa ina soketi za kuchomoa swichi bila kuchomelea, hela ya oringi iweke akiba ya swichi za kimya. Cherry MX Silent Red, kwa mfano, ina mpira ndani yake unaopokea pigo la kushuka na la kurudi, na safari yake ni 3.7 mm. Bei haifanani kabisa na ya vipete. Wakati unajichanga, kunja kanga mara nne uitandike chini ya kibodi. Meza ya mbao ni ngoma, na nusu ya ile cherehani ya mama ilikuwa meza yangu.